Aliyesubiri "Ila"

Habari njema zilikuwa zikiingia kwa simu, moja baada ya nyingine, na Bi Hodi hakuzipenda.

Hakuwa na sababu ya kuzichukia. Watoto wa utafiti walikuwa wanapona. Mtoto ambaye juzi alikataa hata kumeza mate, leo anadai chai na mkate. Mama zao walicheka kwenye simu. Daktari aliyeongoza utafiti, ambaye hospitali nzima ilimwita Ushahidi kwa kuwa hakupokea neno bila kuuliza ushahidi wake uko wapi, alikuwa akipita mlangoni kila alasiri na uso wa mkulima aliyeona mbegu zimechipua kabla ya mvua.

"Vipi leo, Bi Hodi?"

"Wote hawajambo, daktari."

"Wote?"

"Ndivyo wanavyosema."

Na kila alipojibu hivyo alihisi kitu kimemkaa nyuma ya sikio, kama mbu ambaye bado hajalia.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Mafindofindo yakiwaka, koo hujaa ute mzito unaonata kwenye tezi zilizovimba, na uchafu hujificha humo kama panya darini. Ipo dawa ya siku nyingi ya kulainisha makohozi, wanayopewa watu wenye vifua vilivyoziba. Ushahidi alitaka kujua kama dawa hiyo ingesaidia koo la mtoto kusafishika upesi. Basi kila mtoto alipewa vidonge vyake vya antibiotiki kama kawaida, na juu yake chupa ya sirapu. Chupa nyingine zilikuwa na dawa, nyingine maji matamu tu. Ipi ni ipi, ofisini hakuna aliyejua. Siri hiyo ilikaa ghorofa ya chini kwa mfamasia waliyemwita Chupa, jina lililomfaa kwa kazi na kwa umbo pia: shingo nyembamba, tumbo pana.

Kazi ya Bi Hodi ilikuwa kupiga simu majumbani na kuuliza.

Alipewa kazi hiyo kwa sababu hakujua nyingine. Tangu usichana wake alikuwa opereta wa hospitali hiyo hiyo, enzi za waya na plagi, alipokaa mbele ya ubao wenye matundu na kuunganisha mji mzima kwa mikono miwili. Wenzake waliitika simu kwa "Halo". Yeye alisema "Hodi", kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, na jina likamganda mpaka la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Alizijua sauti kama mchungaji anavyozijua mbuzi wake. Alijua nesi yupi ana mimba kabla nesi mwenyewe hajamwambia mumewe. Watu walisema masikio yake yana meno. Siku ubao ulipong'olewa, pakawekwa sauti ya mashine, mwanamke asiyepumua anayesema bonyeza moja, bonyeza mbili. Bi Hodi alimsikiliza mara moja akatikisa kichwa. "Huyu," alisema, "hata nyumba ikiungua atakwambia bonyeza."

Ushahidi ndiye aliyemwokota. Alimpa chumba cha mwisho wa ukumbi, kilichokuwa stoo ya magongo ya wagonjwa. Gongo moja lilisahaulika nyuma ya mlango na lilianguka lenyewe kila mtu alipofunga kwa nguvu. Palikuwa na meza, simu, kompyuta, na dirisha lililotazama ukuta wa dobi la hospitali, jengo la kufulia mashuka, ambako mvuke ulitoka mchana kutwa kama nyumba ile inapumua kwa shida.

Jambo moja tu walikuwa hawajakubaliana, na Bi Hodi alishindwa kwa adabu.

Watu hawasemi habari mbaya mlangoni. Hilo alilijua kwa kazi, si kwa kitabu. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atajibu nzuri, hata kama paa limeruka. Aliyefiwa atakwambia salama. Kisha atavuta pumzi, na baada ya pumzi hiyo ndipo atasema: ila. Salama, ila baba hatunaye. Hajambo, ila tangu jana hajakojoa. Miaka yote ya ubao Bi Hodi alikuwa amejifunza kuishikilia laini na kuingoja "ila" ije kwa miguu yake.

Maswali ya utafiti hayakuwa na nafasi ya kungoja. Soma swali kama lilivyo. Pokea jibu. Nenda la pili. Usiongeze neno.

"Ukimngoja huyu na usimngoje yule," Ushahidi alimweleza kwa upole, "majibu hayatalingana, Bi Hodi. Wa kungojewa ataonekana mgonjwa kuliko mwenzake."

Lilikuwa neno la akili, na Bi Hodi alilikubali. Alisoma maswali kama yalivyo. "Ila" zote zikabaki huko huko zilikotoka.

Miongoni mwa nyumba alizozipigia, moja aliipenda. Ilikuwa nyuma ya karakana ya magari. Kila akipiga alisikia nyundo zikigonga bati. Alikaa hapo bibi mmoja aliyefulia watu nguo, pamoja na mjukuu wake wa kike wa darasa la tatu. Wazazi wa mtoto walifanya kazi mji mwingine. Mtoto alikuwa na mdomo usiolala, ndiyo maana nyumbani na shuleni aliitwa Kasuku.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," bibi alijibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa huko hawajambo?"

"Hawajambo. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunashukuru Mungu. Amekula, ame..."

"Bibi, nipe! Nipe niongee mwenyewe, si ni koo langu?"

Palisikika vuta nikuvute, kisha pumzi za haraka. "Shikamoo, bibi Hodi. Wewe una sura gani?"

"Marahaba. Nina sura ya simu."

"Muongo! Simu haina meno."

"Na nani kakwambia mimi ninayo?"

Kasuku alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatega kitendawili, maana kila siku alikuwa na kimoja, na vyote alivitunga mwenyewe. Hakutaka vya shuleni. Vya shuleni, alisema, vimeshateguliwa na watu waliokufa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ananifuata kutoka shule mpaka nyumbani, lakini bibi hataki aingie ndani."

"Mbwa."

"Siyo."

"Haya, nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua wote wenye simu."

"Ni tope!" Kasuku alipiga kelele. Bi Hodi alitabasamu peke yake mbele ya ukuta wa dobi, akabonyeza alama ya maumivu kidogo, akapiga nyumba iliyofuata.

Kisha ikaja siku Kasuku hakuinyang'anya simu. Alipewa.

"Linauma ukimeza?" Bi Hodi alisoma.

"Haliumi," Kasuku alisema kwa majivuno. "Hata kidogo. Ile dawa tamu imeliweza."

Jibu lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuyapokea. Bi Hodi aliweka kidole juu ya kitufe, asibonyeze. Sauti. Maneno yalikuwa ya Kasuku, lakini yalitoka kama yamezungushiwa pamba, kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni asiyejua ateme au ameze.

"Kitendawili," alisema mtoto, polepole.

"Tega."

"Mlango wangu ni mmoja. Chakula hupita, upepo hupita, na mimi mwenye nyumba sijawahi kuuona."

"Hicho kigumu. Dirisha?"

"Siyo."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nitakwambia kesho. Nimechoka."

Kasuku amechoka. Bi Hodi alibaki na mkono wa simu sikioni hata baada ya laini kukatika. Kisha akabonyeza palipoandikwa hakuna maumivu, maana ndivyo mtoto alivyosema.

Wakati wa chai alimfuata Chupa kwenye dirisha lake la dawa.

"Mwenzangu, mtoto akisema koo haliumi, lakini sauti imekuwa nzito, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni mtandao," alisema Chupa, akipuliza chai. "Mke wangu akinipigia simu nasikia simba. Nikifika nyumbani nakuta ni mtu."

"Una hakika unamkuta mtu?"

"Bi Hodi, usinitafutie talaka."

Wakacheka. Na kwa kuwa walikuwa wamecheka, jambo likaonekana dogo.

Kesho yake bibi alipokea mwenyewe. Nyundo za karakana zilikuwa kimya, ilikuwa Jumapili.

"Karibu, mwanangu. Hajambo. Amelala."

Amelala, mchana huu? Swali hilo halikuwa miongoni mwa maswali. Bi Hodi alilimeza.

"Linamuuma akimeza?"

"Hapana. Hasemi kama linamuuma."

"Anakula?"

"Atakula akiamka."

"Ana homa?"

"Kijoto tu cha usingizi."

"Asante, mama. Tutapiga tena kesho," alisoma Bi Hodi, kama ilivyoandikwa. Na wakati kidole chake kinashuka kukata, alimsikia bibi akivuta pumzi.

Laini ilikatika juu ya pumzi hiyo.

Alipanda basi akarudi kwake. Mbu yule wa nyuma ya sikio alikuwa ameanza kulia. Nyumbani, binti yake, fundi wa cherehani aliyekaa naye, alikuwa akiosha vyombo kabla ya giza kuingia.

"Bomba limeziba tena, mama. Sikiliza linavyokoroma."

Bi Hodi alisogea kwenye sinki. Maji yalikuwa yanashuka kwa uzito, yakizunguka, yakishikwa na kitu huko chini kisichoonekana, na hewa ilikuwa ikipanda juu kwa mapovu ikitoa sauti nene, sauti ya pamba, sauti ya uji wa moto.

Mlango wangu ni mmoja. Chakula hupita, upepo hupita.

"Koo," alisema.

"Nini?"

"Ni koo. Mwenye nyumba hajawahi kuuona kwa sababu ni koo lake." Alikuwa ameshatoa simu kwenye mkoba. Nambari za watu zilikaa kichwani mwake bila kuombwa.

"Mama, unampigia nani saa hizi?"

Upande wa pili simu iliita muda mrefu.

"Karibu," alisema bibi.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Hodi. Kasuku yukoje?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo. Anapumzika."

Bi Hodi hakusema kitu. Hakuuliza swali la pili. Alishika laini kama zamani, kwa mikono yote miwili, akanyamaza. Alisikia saa ya ukutani ya nyumba ile. Alisikia beseni likisogezwa. Alisikia ukimya ukirefuka mpaka ukawa hauna adabu, na bado akanyamaza.

Bibi akavuta pumzi.

"Ila," alisema, na sauti yake ikavunjika katikati ya neno, "mate yanamtoka, mwanangu. Hayamezi. Amekaa ameinama mbele kama mtu anayetafuta sindano, na kinywa hakifunguki. Nimempa ile dawa tamu imerudi yote. Sikutaka kuwasumbua Jumapili."

"Na vile vidonge? Anameza vidonge?"

"Vile nilimpa mtoto wa jirani. Naye koo lilikuwa linamliza, mama yake hana kitu. Huyu wetu alikuwa ameshapona. Wewe mwenyewe si ulimsikia? Alikuwa haumwi."

Bi Hodi alichukua simu ya binti yake akampigia Ushahidi, huku yake ikiwa bado kwenye sikio la pili. Alimweleza kwa maneno machache: sauti, mate, kinywa, vidonge vilivyoishia kwa jirani. Alijiandaa kuulizwa ushahidi uko wapi.

Ushahidi hakuuliza. Na hapo ndipo Bi Hodi alipoogopa, maana katika miaka yote hakuwahi kumsikia daktari yule akiamini jambo upesi namna hiyo.

"Asimlaze," alisema. Tayari alikuwa anakimbia. Viatu vilisikika kwenye ngazi. "Amwache akae hivyo hivyo. Asimpe chochote mdomoni, hata maji, wala asichungulie koo. Nipe nyumba ilipo. Nakwenda na gari la wagonjwa. Wewe usikate hiyo laini."

Hakukata. Ilikuwa kazi yake ya kwanza duniani na huenda ndiyo pekee aliyoijua kweli: kushikilia laini. Alimwambia bibi afungue mlango wa mbele, awashe taa, aweke simu karibu na mtoto.

Ndipo alipomsikia Kasuku. Hakuwa analia. Pumzi ilikuwa ikiingia na mlio mwembamba, kama kitambaa kinachochanwa taratibu, kisha inasita, kisha inatoka.

"Kasuku, ni mimi. Usinijibu. Leo mimi ndiye nitakayesema, wewe unyamaze, uone raha ninayoipata mimi siku zote." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Gonga simu kwa kidole. Mara moja ni ndiyo. Umesikia?"

Tok.

"Kile kitendawili nimekitegua. Mlango ni koo."

Kimya. Kitambaa kikachanika, kikasita.

Tok.

"Basi nirudishie mji wangu. Usinirudishie wote, wewe baki na mtaa mmoja. Sawa?"

Tok, kwa udhaifu, kama tone la mwisho la bomba.

"Gari linakuja. Utalisikia. Ukilisikia gonga."

Alingoja. Binti yake alikuwa amesimama na sahani mkononi, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Kule ng'ambo pumzi iliingia, ikasita. Ikasita zaidi.

"Kasuku? Gonga."

Hakikugongwa kitu.

"Gonga, mjukuu wangu. Hata kama siyo ndiyo."

Alisikia bibi akiita jina la kweli la mtoto, jina ambalo Bi Hodi hakuwahi kuliuliza. Alisikia king'ora, mlango, viatu vingi, sauti ya Ushahidi ikisema "Nipisheni". Kisha simu ya ng'ambo ilianguka sakafuni, na laini aliyoambiwa asiikate ikakatika yenyewe.

Asubuhi alifika kazini kabla ya mvuke wa dobi kuanza. Ushahidi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bi Hodi, ndani ya shati la jana. Kwenye mkono wa shati palikuwa na doa. Chupa alikuwa amesimama dirishani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Bi Hodi hakuketi. Alivuta pumzi, akanyamaza, akangoja.

"Yu hai," alisema Ushahidi.

Akaendelea kungoja.

"Ila hapumui kwa mlango wake. Tumemtoboa shingoni, tukaweka mrija chini ya uvimbe. Kulikuwa na jipu nyuma ya findo, kubwa, lilikuwa limesukuma kila kitu upande mmoja. Tumelikamua. Likinywea, mrija utatoka na atasema tena. Natumaini." Alijipangusa uso. "Kama ungengoja mpaka simu ya leo..."

Bi Hodi ndipo akaketi, juu ya ukingo wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Niliisikia sauti yake juzi ilivyobadilika," alisema. "Nikabonyeza hakuna maumivu."

"Maumivu hayakuwepo. Ndilo linalonitisha." Ushahidi alimtazama Chupa.

"Nimefungua siri ya chupa yake," alisema Chupa. "Ilikuwa dawa yenyewe. Si maji matamu."

"Kwa hiyo imemdhuru?"

"Sidhani," alisema Ushahidi. "Sijui. Sina ushahidi. Huenda inafanya kitu ambacho hatukukitafuta: inalituliza koo, inalitia ganzi kidogo. Mtoto haumwi, bibi anaona amepona, vidonge vinakwenda kwa jirani, na huko nyuma jipu linakua bila kelele." Alimgeukia. "Dawa ile ilikuwa na adabu mno, Bi Hodi. Ilisema hajambo kwa niaba yake."

Nje, dobi lilianza kupumua. Gongo la nyuma ya mlango lilianguka, na wote watatu wakashtuka kama watoto.

Bi Hodi alitazama kompyuta. Majina yalikuwa yamejipanga, na mbele ya kila jina alama yake nzuri ya jana. Hakuna maumivu. Hakuna maumivu. Hakuna maumivu. Habari njema, nyumba kwa nyumba.

"Na hawa?" aliuliza, ingawa alikwishajua.

"Nimeusimamisha utafiti. Wapigie wote, sasa hivi, uwaulize kama vidonge bado wanameza." Ushahidi aliinuka akampisha kiti chake. "Na usisome maswali. Fanya unavyojua."

Chupa alisogeza simu karibu naye kwa mikono miwili, kama anayempa mtu chombo kilichojaa. Bi Hodi alipiga nambari ya juu kabisa. Iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Hodi," alisema.

"Karibu, dada," alijibu mwanamke, kwa uchangamfu. "Habari za asubuhi? Mtoto hajambo kabisa. Hata haumwi."

Bi Hodi aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Hakujibu. Alinyamaza mpaka ukimya ukawa hauna adabu, Ushahidi na Chupa wakiwa wamesimama juu yake bila kuthubutu kujongea.

Upande wa pili, mwanamke akavuta pumzi.